Sheria ya utengamao ikishapita, msirudi nyumbani bado

Kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu na leo naona nikiandike tu. Mswada wa watu wenye ulemavu ukipita bungeni watu wanapiga makofi, wanakumbatiana, picha zinapigwa, kila mtu anaposti, afu kile kikundi kilichokuwa kinakutana kila wiki kinaacha kukutana. Inapita miaka, unamuuliza mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kama amepata fizio karibu na anapoishi, anakwambia hajapata, na hiyo sheria unayoisema ndo anaisikia kwako. Mimi nimekuwa kwenye hii kazi ya kushawishi wabunge kwa muda wa kutosha kusema hivi bila kusita: huduma za utengamao nyingi zinafia kwenye kanuni, zile wizara inazotunga ili sheria iliyopita ifanye kazi, na kwenye bajeti, yaani kwenye hatua zile ambazo sisi watetezi tunakuwa tumeshachoka na waandishi wa habari wameshaondoka.

Kwa ambaye hajawahi kuhitaji, utengamao ni ile kazi yote inayofanyika maisha yakishaokolewa, na mara nyingi inatakiwa ianze hata matibabu hayajaisha. Fizio anayerudisha nguvu za misuli na kumfundisha mtu kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti mwendo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayekufundisha kuvaa shati kwa mkono mmoja baada ya kiharusi. Mtu wa kutengeneza mguu bandia, mtaalamu wa usemi, mtu wa kupima usikivu, mwalimu wa kumfundisha asiyeona kutembea na fimbo nyeupe, mshauri nasaha, mpaka yule anayekuandaa kwa kazi na kukusaidia uajiriwe. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama bilioni 2.4, karibu mtu 1 kati ya 3 duniani, wanaishi na hali ambayo utengamao ungewasaidia, na kwenye baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaohitaji hawapati. Kwenye nchi nyingi za aina hiyo wataalamu wenye ujuzi hawafiki hata 10 kwa kila watu milioni 1. Soma hiyo namba tena taratibu, 10 kwa milioni.

Kaka yangu aliumia uti wa mgongo. Upasuaji ulienda vizuri kabisa, madaktari walifanya kazi yao, afu akaruhusiwa na karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyetufundisha kumgeuza usiku, hakuna aliyetuambia kwamba mto anaokalia una umuhimu kuliko hicho kiti chenyewe, hakuna aliyesema neno kuhusu kibofu. Mama ndo aliona kidonda cha kulalia, na wakati anakiona kilikuwa tayari kirefu. Kidonda kile kilimrudisha wodini akakaa muda mrefu kuliko ule aliokaa kwa ajili ya ajali yenyewe. Nimewahi kulieleza hili mbele ya kamati na mbunge mmoja akaniuliza, sasa unataka tulipie mazoezi wakati dawa zenyewe hazitoshi? Nikamjibu mheshimiwa, mmeshalipia, mmelipia kitanda, dawa za maambukizi na upasuaji wa pili, mmelipia kila kitu isipokuwa kile ambacho kingezuia hivyo vyote.

Na hii sio elimu mpya. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari aliyekuwa amewakimbia Wanazi kule Ujerumani, alifungua kitengo cha majeraha ya uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo aliyepooza kwa jeraha la uti wa mgongo alitarajiwa kufa baada ya muda si mrefu, na kilichokuwa kinawaua wengi ni vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Yeye akaanza kuwageuza wagonjwa kila baada ya saa chache usiku na mchana, mazoezi, michezo, kazi za mikono, na watu wakaishi, wakarudi kwenye jamii. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Kuna watu wamefundishwa, wamelipwa, na kuna mtu amepewa jukumu. Hayo matatu yote yanatoka kwenye sheria na bajeti.

Hata azimio la Alma-Ata la 1978 lilishaweka utengamao ndani ya huduma za msingi za afya, pamoja na kinga na tiba. Afu ikaja mikataba. Mwaka 1983 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba namba 159 kuhusu utengamao wa kikazi na ajira kwa watu wenye ulemavu. Tarehe 13 Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ukaanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Ibara ya 26 ya mkataba huo ndo yetu hii. Inataka huduma zianze mapema iwezekanavyo, zitokane na tathmini ya wataalamu wa fani mbalimbali kuhusu mahitaji na uwezo wa mtu mwenyewe, zipatikane karibu iwezekanavyo na jamii anayoishi hata kama ni kijijini, na ziwe za hiari. Inataka pia wataalamu wafundishwe, wa mwanzo na wanaoendelea na kazi. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani nao ukapitisha azimio la kuimarisha utengamao kwenye mifumo ya afya. Kwa hiyo kwenye karatasi za kimataifa tuko vizuri sana. Tatizo letu ni safari ya kutoka kwenye hiyo karatasi mpaka kwa mama aliyekaa nje ya zahanati na mtoto mgongoni.

Hilo neno hiari kwenye ibara ya 26 naomba tusilipite haraka, manake kuna wenzetu wenye ulemavu ambao ukiwatajia utengamao wanashtuka, na wana sababu. Wapo waliofungiwa kwenye vituo miaka na miaka kwa jina hilohilo, wapo viziwi waliozuiwa kutumia lugha ya alama utotoni wakalazimishwa kusoma midomo ya watu, wapo waliofanyiwa upasuaji mguu ule ule mara nyingi ili tu waonekane wanatembea kama wengine. Nawaelewa kabisa. Ndo maana mimi sheria ya utengamao isiyosema wazi kwamba mtu mwenyewe ndo anachagua malengo yake, na kwamba anaweza kusema hapana bila kunyang'anywa huduma nyingine, siiungi mkono hata ikiwa na bajeti nono kiasi gani.

Sasa nije kwenye mfano ambao kila mtu anayeingia kwenye utetezi huu angepaswa kuujua. Marekani walikuwa na sheria ya utengamao wa kikazi kwa raia tangu 1920. Miaka ya 70 mwanzoni bunge lao likatengeneza mswada mpana zaidi, Rais Richard Nixon akaukataa Oktoba 1972, ukarudi, akaukataa tena Machi 1973, ukapunguzwa, na tarehe 26 Septemba 1973 ndo akasaini. Mwishoni kabisa mwa sheria hiyo kulikuwa na kifungu cha 504, sentensi moja tu, iliyoandikwa kwa kufuata mfano wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ikisema mtu asibaguliwe kwa sababu ya ulemavu kwenye programu yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Wafanyakazi wa bunge ndo waliiingiza na wabunge wengi hata hawakuitilia maanani.

Ushindi mkubwa sio? Hapana bwana. Ili ile sentensi ifanye kazi ilihitaji kanuni, na kanuni zilitakiwa zisainiwe na waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa Jamii. 1974 ikapita, 1975 ikapita, 1976 mahakama ikaamuru zitolewe na bado hazikutoka, serikali ya Rais Ford ikamaliza muda wake, akaingia Rais Carter Januari 1977, na waziri mpya Joseph Califano akasema anataka kuzipitia kwanza. Watu wenye ulemavu wakaona hapa kanuni zinaenda kukatwakatwa. Tarehe 5 Aprili 1977 wakaingia kwenye ofisi za wizara hiyo kwenye miji kadhaa na kukaa. Kwingine iliisha haraka. San Francisco waligoma kutoka, zaidi ya watu 100, wakiongozwa na akina Judith Heumann na Kitty Cone, watu wanaohitaji kugeuzwa usiku, wanaohitaji katheta, ule mrija wa mkojo, na wasaidizi, wamelala sakafuni ofisini wiki baada ya wiki. Simu zikakatwa, viziwi wakawa wanapeleka taarifa kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther, kile cha kupigania haki za watu weusi, kikawa kinaleta chakula cha moto. Tarehe 28 Aprili Califano akasaini kanuni bila kuzikatakata kama walivyokuwa wanaogopa.

Hebu hesabu, kuanzia Septemba 1973 mpaka Aprili 1977 kile kifungu cha 504 kilikuwepo, kina namba, kina saini ya rais, na kilikuwa kinasubiri kanuni tu. Ninapokwambia usirudi nyumbani ndo namaanisha hapo.

Na kuna Ed Roberts, huyu nampenda kumtaja kila ninapokutana na ofisa anayesema fulani hawezi kusaidika. Alipata polio akiwa na miaka 14, akapooza kuanzia shingoni, usiku akawa analala kwenye mashine ya kupumulia. Alipoomba msaada wa ofisi ya utengamao wa kikazi ya California ili asome, akaambiwa ulemavu wake ni mkubwa mno, hataweza kufanya kazi kamwe. Yeye na waliomuunga mkono wakapiga kelele kwenye magazeti mpaka akapewa, akaingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1962. Mwaka 1975 gavana Jerry Brown akamteua kuwa mkurugenzi wa idara ileile iliyomkataa. Sasa kwangu mimi funzo la kisheria hapo liko kwenye yule ofisa wa kwanza. Alikuwa na mamlaka ya kuamua nani anafaa, na kilichomsaidia Roberts ni gazeti, na sio kila mtu ana gazeti. Sheria ya 1973 ilianza kurekebisha hilo, ikataka mpango wa maandishi unaotengenezwa na mtu mwenyewe pamoja na ofisi, na wenye ulemavu mkubwa zaidi wapewe kipaumbele. Lakini ilikuwa mpaka 1984 ndo kila jimbo likalazimishwa kuwa na programu ya kumsaidia mteja anayegombana na ofisi hiyo.

Kwa hiyo ukikaa na rasimu mbele yako, soma ukitafuta nani. Nani anawajibika? Kama imeandikwa serikali itahakikisha huduma zinapatikana, hapo hamna mtu, manake wizara ya afya itasema ni ya ustawi wa jamii, ustawi watasema ni ya kazi, kazi watasema ni ya serikali za mitaa, na mtoto anakua mgongo ukiendelea kupinda. Itajwe wizara moja, itajwe cheo. Afu tafuta tarehe. Kanuni zitungwe ndani ya muda gani, na zisipotungwa nani anaitwa mbele ya kamati kujieleza? Sijawahi kuona wizara inayotunga kanuni kwa sababu tu inazipenda. Afu tafuta mahali pa kulalamika, karibu, bure, kwa lugha ya alama na kwa nukta nundu, na siku za kujibiwa zihesabike.

Kwenye vifaa saidizi uwe mkali zaidi kwa sababu vifaa vinapendwa na wanasiasa. Kiti mwendo kinapigika picha vizuri. Lakini kiti kikubwa kuliko nyonga za mtu, kisicho na mto, kikitolewa uwanjani na kipaza sauti, kinaweza kumletea vidonda vilevile vilivyomlaza kaka yangu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti mwendo unataja hatua 8, kuanzia rufaa, kupimwa, kuandikiwa kiti kinachokufaa, kukilipia na kukiagiza, kukiandaa, kukirekebisha ukiwa umekikalia, kufundishwa kukitumia, mpaka matengenezo na kufuatiliwa. Sheria nyingi zinasema tu kifaa kitatolewa, yaani zile hatua nyingine zote zimeachwa hewani. Tunachoomba sisi siku hizi ni maneno machache tu yaongezwe, kifaa pamoja na huduma ya kukipima, kukifundisha na kukitengeneza, na inashangaza jinsi hayo maneno machache yanavyopiganiwa mezani, kwa sababu yana gharama na kila mtu pale anajua.

Kuhusu hela. Watu wetu wengi wanajiandaa vizuri kwa mjadala wa mswada afu kwenye bajeti hawaonekani, wakati bajeti ndo inarudi kila mwaka. Angalia Marekani wenyewe: kwenye utengamao wa kikazi serikali kuu inatoa asilimia 78.7 na jimbo linatakiwa kuweka 21.3, kwa hiyo jimbo likibana mchango wake linaiacha na hela ya serikali kuu mezani. Na fedha zisipotosha kwa wote, sheria inataka waanze na wenye ulemavu mkubwa zaidi, wengine wanaingia foleni ya kusubiri. Naipenda foleni hiyo kwa sababu moja tu, inaandikwa. Foleni iliyoandikwa unaweza kuibeba ukaenda nayo kwenye kamati ukasema mheshimiwa hawa hapa, majina ya siri, idadi ya wazi, wamesubiri kiasi hiki. Nchi ambayo haiandiki foleni inaonekana kama haina watu wanaohitaji, na ukienda hazina bila idadi wanakuuliza kwa upole kabisa, mahitaji yako wapi?

Wakisema hela hakuna, ibara ya 4 ya Mkataba inasema haki za kiuchumi na kijamii zitekelezwe hatua kwa hatua, kwa kiwango cha juu kabisa cha rasilimali zilizopo. Wengi wananukuu ile hatua kwa hatua wanaishia hapo. Wewe nukuu nusu ya pili, afu omba waonyeshe hatua ya mwaka huu ni ipi na ya mwaka ujao ni ipi. Kama mwaka huu ni kuajiri mafizio wa hospitali za wilaya sawa, tuandike, mwakani tutauliza waliajiriwa wangapi. Na usisahau bima. Kifurushi cha bima kikikaa kimya kuhusu fizio na viungo bandia, sheria yako nzuri inamhusu mwenye pesa peke yake.

Ukienda kuonana na mbunge, karatasi moja, ombi moja, na kifungu ulichoshaandika wewe mwenyewe tayari kuingizwa. Jenga uhusiano na katibu wa kamati, huyo anabaki hata uchaguzi ukibadilisha wabunge wote. Na anayeongea awe mtu mwenye ulemavu. Ibara ya 4 hiyohiyo inazitaka serikali ziwashirikishe kwa karibu watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kupitia vyama vyao, kwa hiyo kuingia pale ni haki, sio hisani. Nimekaa kwenye vikao ambapo wataalamu watupu wanaongea juu ya wagonjwa wao, vizuri tu, kwa takwimu, na wabunge wanaangalia simu. Afu anaingia dada mwenye mguu bandia anaeleza kwamba soketi, ile sehemu inayoshika mguu uliokatwa, imelegea, fundi yuko mbali, nauli yake ni zaidi ya anachoingiza kwa wiki, na kwamba haombi kuonewa huruma, anaomba karakana iwekwe karibu na bajeti ya vipuri iwepo. Simu zinawekwa chini. Kama mlango wa ukumbi una ngazi au mkalimani wa lugha ya alama hayupo, andikeni barua kabla ya siku, na siku yenyewe mkikuta hali ileile semeni iingie kwenye kumbukumbu rasmi za kikao.

Kitu kingine kinachoniumiza ni tunavyogombana wenyewe. Wasioona wanataka wakufunzi wa fimbo nyeupe, wazazi wanataka huduma za mapema kwa watoto, waliopata kiharusi wanataka fizio wa kuja nyumbani, na serikali inasubiri tu tukubaliane. Hatutakubaliana juu ya kila kitu na sidhani kama ni lazima. Tukubaliane juu ya wizara moja inayowajibika, tarehe ya kanuni, kifungu cha bajeti chenye jina lake ambacho hakiwezi kuhamishiwa kwingine kimyakimya, foleni iliyoandikwa, na mahali pa rufaa. Hivyo vinamfaa kila mmoja wetu, halafu ndani yake kila kundi lipiganie chake.

Sisi kwenye kikundi chetu tumegawana. Kuna anayesoma kitabu cha bajeti kila kinapotoka, anatafuta kifungu cha utengamao na kulinganisha kilichopangwa na kilichotolewa kweli, manake hivyo viwili mara nyingi havifanani. Kuna anayepokea malalamiko kwa simu na kuyaandika kwa tarehe. Kuna mwanasheria anayejitolea, anafuatilia wizarani rasimu ya kanuni iko meza ya nani. Ikitoka, muda wa kutoa maoni huwa mfupi sana, kwa hiyo maoni yetu tumeshayaandika tayari, kifungu kwa kifungu, yanasubiri tu namba za vifungu.